Dharura inaruhusu nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Kigoma na Ujiji

Haya ni maswali yanayorudi baada ya darsa, mwaka hadi mwaka, kwa maneno tofauti kidogo. Majibu yanafuata madhehebu ya Imam Shafi, ndiyo yanayosomeshwa zaidi hapa kwetu. Wanazuoni walipohitilafiana kwa uzito, tumetaja. Jambo lenye damu, ndoa au mirathi ndani yake usilimalize kwa kusoma tu, lipeleke kwa sheikh uso kwa uso.

## Msingi

1. Dharura ni nini hasa? Maana kila mtu ana dharura yake.

Dharura ni hali ambayo ukiacha lililokatazwa utakufa, utapoteza kiungo, au utapata maradhi mazito ya kuogopwa. Msingi wake ni Qur'ani: Al-Baqara 173, Al-Maida 3, Al-An'am 145 na An-Nahl 115. Aya hizi zinataja vyakula vilivyoharamishwa, kisha zinamvua mwenye kulazimika, kwa sharti asiwe anatamani maasi wala kuvuka mpaka.

Chini ya dharura kuna haja: maisha yanakuwa magumu lakini hayakatiki. Haja hulegeza baadhi ya mambo, kama kukusanya swala safarini, lakini njaa ya saa tisa alasiri haimhalalishii mtu kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Chini ya haja kuna kupenda tu. Simu mpya, sare ya sherehe na mchango wa harusi viko ngazi hiyo ya tatu, hata kama mwenyekiti wa kamati anakupigia kila asubuhi. Mengi yanayoletwa msikitini kwa jina la dharura ni haja, na mengine hayafiki hata hapo.

2. Ikithibiti kwamba ni dharura, naweza kufanya chochote?

Hapana. Kuna kanuni tatu zinazokwenda pamoja, na watu wameshika ya kwanza peke yake. Ya kwanza: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ya pili: dharura hupimwa kwa kadiri yake, yaani unachukua kinachokuvusha, hali ikiisha na ruhusa imeisha. Ya tatu: dharura haiondoi haki ya mwingine.

Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo ufunguo wa nusu ya maswali yaliyo hapa chini. Dharura inakuondolea dhambi baina yako na Mola wako. Deni baina yako na mwenye mali linabaki palepale.

Na kuna jambo ambalo dharura hailigusi kabisa: kumuua asiye na hatia. Ukiambiwa "muue huyu au tukuue wewe", wanazuoni wamekubaliana kwamba huruhusiwi. Damu yako haina thamani kuliko yake.

3. Nia yangu ilikuwa njema. Hainisaidii?

Nia njema hugeuza jambo la mubaha, yaani lililoruhusiwa tu, kuwa ibada: kula ili upate nguvu za kufanya kazi, kwa mfano. Haigeuzi haramu kuwa halali. Aliyeiba mabati ili aezeke madrasa ameiba mabati.

4. Nitajuaje kama nimelazimishwa kweli, au nimeogopa tu?

Kulazimishwa, au ikrahi, kuna masharti yake. Anayekutisha awe na uwezo wa kutimiza tishio. Tishio liwe la sasa, si la "utaona mwakani". Usiwe na njia ya kukimbia wala ya kupata msaada. Nawe uwe na dhana yenye nguvu kwamba ukikataa atafanya. Tishio lenyewe liwe zito kwa mtu wa hali yako: kuuawa, kupigwa vibaya, kufungwa, kuharibiwa mali.

Yakitimia, hata tamko la kufuru halimtoi mtu katika dini maadamu moyo wake umetulia juu ya imani. Ndiyo An-Nahl 106, inayohusishwa na kisa cha Ammar bin Yasir, sahaba aliyeteswa mpaka akatamka kufuru. Talaka ya aliyelazimishwa hivyo haipiti kwa Shafi. Kwa madhehebu ya Hanafi inapita. Aibu mbele ya wakwe si ikrahi.

## Chakula, dawa, saumu na safari

5. Nikiwa na njaa ya kufa, naweza kula mali ya mtu bila kumwomba?

Chukua mfano wa gari lililozama kwenye matope porini, siku ya pili imefika, hakuna duka wala simu inayoshika, na pembeni pana shamba la mihogo. Mwenye shamba akiwepo, mwombe. Kama yeye mwenyewe hana njaa kama yako, ni wajibu akupe, na ana haki ya kudai bei. Asipokuwepo, ng'oa, ule, kisha ulipe. Kiasi ni kile kinachokurudishia uhai na nguvu za kufika penye msaada. Kujaza kiroba cha kupeleka nyumbani ni wizi.

Malipo ni ya aina ileile: mahindi kwa mahindi, kwa kipimo. Kilichokosa mfano hulipwa kwa thamani yake mahali pale na wakati ule. Acha namba yako kwa balozi wa nyumba kumi au kwenye nyumba ya karibu; "nitarudi siku moja" si malipo.

Sasa lile linalowashangaza watu. Ukikuta mzoga wa mbuzi na shamba la mtu asiyekuwepo, kauli inayotegemewa kwa Shafi ni kwamba ule mzoga. Mzoga umekatazwa kwa haki ya Mungu, na Mungu ameshasamehe kwa aya. Mihogo ni haki ya mtu ambaye hujaonana naye. (Samaki hayumo katika hesabu hii. Mgebuka aliyekufa mwenyewe majini ni halali, almuradi hajaharibika kiasi cha kukudhuru.)

Watu hutaja pia kwamba Sayyidna Umar alisimamisha adhabu ya kukata mkono mwaka wa ukame, mwaka wa 18 Hijria. Hivyo ndivyo inavyopokewa, lakini kilichosimama ni adhabu. Wizi haukufanywa halali.

6. Dawa niliyoandikiwa ina pombe ndani yake.

Ikiwa pombe imechanganywa na kumezwa na dawa, nawe hukupata nyingine inayofanya kazi hiyohiyo, na mwenye kujua tiba na kuaminika amekuhakikishia, tumia kwa kipimo ulichoandikiwa. Uliza kwanza: dawa nyingi za kikohozi zina aina isiyo na pombe kwenye duka hilohilo. Pombe tupu kama gongo haitumiki kama dawa, hata mzee akikuapia kwamba inaua minyoo. Iko hali moja mashuhuri inayovuliwa, ya aliyekabwa na tonge, hapumui, na hana kimiminika kingine cha kuliteremsha.

7. Mimi ni mjamzito (au nanyonyesha). Nikifungua Ramadhani nalipa nini?

Ukiogopea afya yako, au yako na ya mtoto pamoja, unalipa siku tu. Ukiogopea mtoto peke yake, unalipa siku na kwa kila siku unatoa fidia ya mudi moja ya chakula cha kawaida cha mji. Mudi ni robo ya pishi, yaani kile wazee walichokiita kibaba. Kwa mizani ya leo kadiria gramu 600 hadi 750 za mchele au unga. Siku 30 ni karibu kilo 18 hadi 22 na nusu. Anayepewa ni maskini, na siku kadhaa zinaweza kwenda kwa maskini mmoja (tofauti na kafara ya kiapo, swali la 11).

8. Nakamua mawese, au nabeba mizigo bandarini. Saumu inanishinda mchana.

Nuia usiku, ule daku, uanze siku ukiwa umefunga. Ukifika mahali unaona kizunguzungu na unahofia kuanguka, fungua, na siku hiyo utailipa. Kosa linalofanyika ni kuamka asubuhi ukiwa umeshaamua kula kwa sababu ya uchovu ambao haujaja bado. Ukiweza kuhamishia kazi nzito alfajiri au usiku kwa mwezi huo, hilo ndilo linalotakiwa kwanza.

9. Niko ziwani, au niko safarini. Swala inakuwaje?

Ndani ya mtumbwi, ukisimama ukahofia kuanguka majini au kupindua chombo, swali umekaa, urukuu na kusujudu kadiri unavyoweza. Kibla kutoka Kigoma kiko kaskazini, kikiegemea kidogo mashariki. Milima ya Kongo ikae kushotoni kwako. Harufu ya dagaa kwenye nguo si najisi.

Kupunguza swala kunahitaji safari ndefu, zaidi ya kilomita 80 kwa kukadiria. Ujiji hadi Kigoma mjini si safari. Treni ya Tabora ni safari bila shaka.

Sharti linalorukwa: safari yenyewe isiwe ya maasi. Anayevuka ziwa kupeleka mali ya wizi hapunguzi swala, hafungui saumu kwa sababu ya safari, na kwa Shafi hata kibudu hahalalishiwi kwa njaa yake mpaka atubu. Akitubu palepale, mlango umefunguka palepale.

## Ulimi

10. Kuna uongo unaoruhusiwa?

Upo. Katika hadithi ya Umm Kulthum bint Uqba, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, si mwongo yule anayepatanisha watu akafikisha neno la kheri. Riwaya ya Muslim inataja mambo matatu: vita, kupatanisha, na maneno ya mume na mke.

Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa Shafi, ameweka kipimo kinachofaa kukariri. Lengo jema likifikika bila uongo, uongo ni haramu. Lisipofikika ila kwa uongo, uongo unafuata hukumu ya lengo: lengo likiwa mubaha, uongo ni mubaha; likiwa wajibu, uongo ni wajibu. Mtu amekuja na panga anamtafuta mkewe aliyejificha chumbani kwako. Hapo kusema kweli ndiko dhambi.

Lililo bora ni tauria, yaani neno la kweli linaloeleweka vingine. Umehama kigoda, ukakaa kingine, ukasema "sijamwona tangu nikae hapa". Tauria ya kumdhulumu mtu haki yake ni haramu kama uongo wenyewe. Na ruhusa ya mume na mke ni ya maneno ya mapenzi na kutuliza nyumba. Haimfichii mume mshahara ili akwepe matumizi.

11. Niliapa kwa jina la Allah, sasa naona kutimiza ni ubaya zaidi. Nifanyeje?

Mtu akiapa hatazungumza na dada yake, kutimiza kiapo hicho ni maasi. Avunje, atoe kafara. Kafara iko Al-Maida 89: kulisha maskini 10 au kuwavisha; asiyeweza ndiye anayefunga siku 3.

Hapa ndipo makosa yanapojaa. Watu hukimbilia kufunga siku 3 kwa sababu ni rahisi, ilhali wana mchele ndani. Ukiweza kulisha, saumu yako haihesabiki. Kwa Shafi kila maskini hupewa mudi moja mkononi, jumla mudi 10, kilo 6 hadi 7 na nusu. Lazima wawe watu 10. Huwezi kumpa jirani mmoja mara kumi. Pesa taslimu haitoshi kwa Shafi. Hanafi wanaruhusu thamani. Siku 3 za saumu si lazima zifuatane.

Dhalimu akikulazimisha kuapa kwamba huna amana ya mtu, apa kwa tauria. Ukiapa waziwazi bila tauria, umeilinda amana lakini unadaiwa kafara. Mbele ya hakimu anayekuapisha kwa haki, tauria haisaidii: kiapo hufuata nia ya anayekuapisha.

12. Nimeulizwa kuhusu kijana anayemposa binti. Nikisema ninayoyajua, si kusengenya?

Si kusengenya kulikokatazwa, ni nasaha. Nawawi ametaja milango sita: kushtaki dhuluma, kuomba msaada wa kuondoa uovu, kuomba fatwa, kuonya, kumtaja anayefanya maovu hadharani kwa hayo anayoyadhihirisha, na kumtambulisha mtu kwa jina alilozoeleka nalo. Sema kinachotosha. Ikitosha "mtafutieni mwingine", ishia hapo.

## Fedha

13. Mume wangu anazo, hatoi. Nichukue mfukoni mwake?

Hind bint Utba alimwuliza Mtume (s.a.w.) swali hilihili kuhusu mumewe Abu Sufyan, akajibiwa achukue kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Kwa wema maana yake unga, mboga, mafuta, dawa, kwa kiwango cha watu wa hali yenu. Vijora vya sherehe havimo, wala kumtumia mama yako. Kama mume anatoa ya kutosha na wewe unaona ni kidogo, hilo ni la kikao cha wazee.

14. Mgonjwa yuko hospitali na njia iliyopo ni mkopo wa kausha damu.

Riba ni haramu kwa anayetoa na anayelipa, hivyo kwanza hakikisha kweli hakuna njia nyingine. Hospitali za serikali zina maofisa wa ustawi wa jamii wanaopima asiyeweza kulipa. Waone kabla hujatafuta mkopeshaji, na uende na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Omba kulipa kwa awamu. Omba mkopo usio na riba kwa ndugu, kwa kamati ya msikiti, kwa mwajiri. Uza kinachouzika, redio na simu ya pili vinauzika kwa siku moja.

Vyote vikishindikana na tiba haisubiri, ni dharura, na dhambi ya riba iko kwa mkopeshaji. Kopa kiasi cha tiba tu. Bili ikiwa 150,000 usichukue 300,000 ili "ibaki ya mtaji", maana hiyo nusu ya pili haina dharura ndani yake. Lipa mapema uwezavyo, kabla ya mazao mapya na sikukuu.

15. Wananizungusha mpaka nitoe chochote. Nikitoa nimeingia kwenye laana ya rushwa?

Mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa katika hadithi. Wanazuoni wengi wamemvua anayetoa ili apate haki yake mwenyewe iliyozuiliwa, au aondoe dhuluma, pasipo njia nyingine; dhambi inabaki kwa mpokeaji. Mizani ni hii: je, unachokipata kilikuwa chako tayari? Kutoa ili upite wenzako kwenye foleni ni rushwa tupu.

Sheria ya nchi ya kupambana na rushwa, ya 2007, haina uvuaji huo. Humshika mtoaji pia. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, ni 113, bure. Njia hiyo ikiwa wazi, masharti ya "pasipo njia nyingine" hayajatimia.

16. Ziwa limefungwa na watoto hawajala. Niingie usiku?

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi 3 mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Samaki ni halali mwenyewe. Kilichokataza ni amri ya kiongozi kwa manufaa ya wote, na kuitii ni wajibu. Njaa ikifika kiwango cha swali la 1, kitoweo cha siku kwa ndoana kinaweza kuondokewa na dhambi, ingawa faini ya serikali utailipa. Kutoka na wavu na taa ili ukauze ni biashara. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya malaria hakifai kuvulia msimu wowote: kinazoa vifaranga, na mwenye kudhurika ni kila anayeishi kwa ziwa hilo.

17. Nilificha nilichonacho ili niingie kwenye orodha ya kaya maskini.

Orodha ina idadi. Jina lako limemtoa mtu. Jitoe, na urejeshe ulichopokea au uwape maskini wa kijiji hicho.

## Uganga, visomo na tuhuma

18. Kwenda kwa mganga kunaruhusiwa mtu akizidiwa?

Mganga ni jina moja la watu wengi. Anayetoa mizizi na majani ni tabibu. Pima dawa yake kama dawa. Anayesoma rukya, yaani kisomo cha tiba, au kuandika kombe anakubalika kwa masharti matatu: iwe kwa maneno ya Allah au majina yake, kwa lugha inayoeleweka, na isiitakidiwe kwamba inaponya yenyewe. Anayepiga ramli kutaja aliyekuroga haendewi; hadithi ya Muslim inasema anayemwendea na kumwuliza swala yake haikubaliwi siku 40. (Bado lazima aziswali, kinachokosekana ni thawabu.)

Kuhusu kufungua uchawi, watu hutumia kauli ya Said bin al-Musayyib, mwanafunzi wa masahaba, iliyomo katika Bukhari, kwamba haoni ubaya. Wengi wameielewa kuwa ni kufungua kwa njia za halali. Sisi tunaongeza jambo moja la hapa nyumbani: mtoto akikakamaa na kugeuza macho, mpeleke zahanati kwanza. Malaria kali haisubiri kombe likauke.

19. Nimeibiwa. Nisome Albadiri?

Kumwombea dua mbaya aliyekudhulumu kunaruhusiwa. An-Nisa 148 inampa aliyedhulumiwa nafasi ya kusema. Kuyataja majina ya watu wa Badr, mashujaa wa mwaka wa 2 Hijria, kwa kutawasali, yaani kumwomba Mungu kwa baraka yao, ni jambo la hitilafu, na masheikh wa twarika wanalikubali. Tatizo ni linavyotumika mtaani: anatajwa mtu kwa kudhaniwa, kisomo kinatangazwa, na akiugua homa wiki hiyo amekwisha kuhukumiwa. Omba bila kutaja jina, na uripoti wizi polisi. Kusamehe ni bora lakini hulazimishwi.

20. Kamchape, wale wasaka wachawi, wameingia kijijini. Nisipochanga nitaitwa mchawi.

Hili ni zito, na hatutaki kulijibu kwa neno moja. Mchango wa kila kaya kwa watu wanaodai kufukua pembe na hirizi ni malipo ya ramli, na asili yake ni haramu. Pima tishio kwa masharti ya swali la 4. Kama kundi lina fimbo mlangoni, nyumba ya jirani imeshavunjwa na hakuna wa kumpigia, toa kile kidogo wanachokubali huku moyo wako unakataa. Huna dhambi. Kama bado kuna siku mbili kabla hawajafika mtaa wako, hujalazimishwa: mwone mtendaji wa kijiji na polisi, ikibidi uhamishe wazee kwa ndugu kwa muda. Wakikuchanja kwa nguvu, huna dhambi, ila dai wembe mpya na upime afya baadaye.

Lisiloruhusiwa hata chini ya tishio ni kunyoosha kidole. Ukiambiwa "tuonyeshe mchawi ni nani", ukamtaja bibi wa nyumba ya tatu ili wewe uachwe, umenunua usalama wako kwa mwili wake, na hilo liko upande wa swali la 2 lisilo na ruhusa. Jibu "simjui", hata kama una dhana. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchawi ya nchi hii inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa.

## Baada ya dharura

21. Nilifanya kwa dharura ya kweli. Nahitaji kutubu?

Kwa kile cha kadiri yake, hapana, kwa kuwa hukuasi. Kwa kilichozidi, ndiyo: acha, juta, azimia kutorudia, na rudisha haki ya mtu ikiwepo. Usipojua ulizidi kwa kiasi gani, kadiria kwa upande wa tahadhari, ulipe.

22. Mwenye mali simpati tena.

Amekufa? Wape warithi wake, si msikiti. Humjui wala huna njia ya kumjua? Itoe kwa maskini au manufaa ya umma kwa niaba yake, bila kujihesabia kuwa ni sadaka yako. Akijitokeza baadaye, mpe hiari: akubali thawabu, au umlipe.

23. Nilishikiwa kisu nikavunja duka la mtu. Nani analipa, mimi au aliyenishikia?

Mwenye duka anaweza kumdai yeyote kati yenu. Akikudai wewe ukalipa, una haki ya kurudi kwa aliyekulazimisha na kuchukua chote, kwa sababu mzigo wa mwisho ni wake. Asipopatikana, mwenye duka haachwi mikono mitupu kwa sababu wewe ulitishwa.